Upande wa Kushoto wa Treni ya Mwelu

Kitu cha kwanza nilichokiona katika nchi ya Kuumeni ni kola za mashati. Nilikuwa nimesimama stesheni nikisubiri treni ya kutazama bonde, na mbele yangu walikuwa wamepanga foleni wanaume kama kumi na wawili, mashati meupe, yamepigwa pasi vizuri. Kila kola ilikuwa imechakaa upande mmoja tu, upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa mpya kama umetoka dukani. Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu tangu nilipoacha shule darasa la tano, na najua kola huchakaa kisogoni, kwa jasho. Sikuwahi kuona kola iliyoliwa na kidevu.

Nilitaka kuuliza, sikuuliza. Namna nilivyofika Kuumeni nayo siielezi, maana ni ndefu na haina faida kwa msomaji. Nilifika asubuhi, nikapewa tiketi ya kijani iliyoandikwa Mgeni, nikaambiwa nipande.

Habari za ile nchi nilizijua kidogo kidogo, nyingi nikiwa tayari nimekaa ndani ya behewa. Zamani viongozi wa Kuumeni walikuwa wakishuka bondeni kwa miguu kuona watu wao wanaishije. Walirudi na matope kwenye viatu na ugomvi mdomoni, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameona lake. Basi wakajenga reli kandokando ya mto Mwelu, wakatunga sheria fupi: kilichoonwa kutoka kwenye treni kipo, kisichoonwa hakipo. Kilichopo huandikwa katika Kitabu cha Bonde, na kilichoandikwa ndicho kinachopelekewa mwalimu, dawa na maji.

Mto uko kulia kwa reli. Kwa hiyo watu wa Kuumeni hutazama kulia. Viti vimefungwa vikielekea mbele, lakini shingo zote zimegeukia dirisha la kulia, na wengine wamezoea hivyo hata wakiwa nyumbani wanakula. Madirisha ya kushoto yamepakwa rangi kwa ndani. Yamechorwa milima ya bluu na twiga. Nilisikia kwamba mwaka fulani mtu mmoja aligeuza shingo kushoto katikati ya safari, na kikao kikachelewa kumalizika mpaka chakula kikapoa. Tangu hapo mchoraji huja kila mwaka kuongeza twiga.

Treni ile haigeuzwi inapofika mwisho. Hurudi kinyumenyume, ili kulia kubaki kulia.

Viti vya kulia vilikuwa vimejaa wajumbe wa Baraza la Bonde. Mimi niliwekwa kushoto, karibu na dirisha la twiga. Kando yangu alikuwa amekaa mama wa miaka hamsini hivi, gauni la kitenge lililofuliwa mara nyingi. Nililitazama lile gauni kwa mazoea ya kazi. Lilikuwa limechanika na kushonwa, likachanika tena, mahali palepale, kwenye bega.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mgeni?"

"Nadhani ndiye."

"Unadhani." Alicheka kwa pua. "Mwaka huu wametuletea mgeni anayedhani. Haya, si neno. Wa mwaka jana alilala tangu stesheni mpaka stesheni. Unaitwa nani?"

"Kashinde."

"Mimi naitwa Sikudhani. Natoka Mgongoni."

Niliuliza Mgongoni ni wapi, kwa adabu tu.

"Hapo ulipoegemea," alisema, akionyesha twiga kwa kidevu. "Nyuma ya huyo mwenye shingo fupi. Fundi aliishiwa rangi."

Akanieleza jambo lake taratibu, kama mtu aliyelieleza kwa wengi. Juu kabisa, mwisho wa reli, kuna lango la maji. Zamani maji yale yalishuka pande zote mbili, mtoni na katika mfereji wa Mgongoni. Sasa lango linafungwa wiki tatu ili maji yajae nyuma yake, kisha treni ikifika linafunguliwa, na wajumbe wanaona maporomoko. Yakishaonwa linafungwa tena. Mgongoni huchota yanayomwagikia pembeni.

"Mahindi yetu yako magotini," alisema. "Yana majani mawili ya kijani, mengine yote karatasi. Sitaki mengi. Nataka lango lifunguliwe upande wetu siku mbili kwa wiki. Lakini maji hayapelekwi mahali pasipokuwepo, na sisi Kitabuni hatupo."

"Si uwaambie upo? Wewe si umekaa hapa?"

"Mimi ni mwenyeji. Sheria inasema mwenyeji ana masilahi, hawezi kushuhudia kwao. Anatakiwa mtu asiyezaliwa bondeni, aseme kwa mdomo wake mbele ya Mwenyekiti: nimeona kijiji. Maneno mawili. Naruhusiwa kupanda mara moja kwa mwaka, safari hii ya kufunga Kitabu. Huu wa nne."

Hapo ndipo nilipoelewa tiketi ya kijani ni ya kazi gani. Mimi hata dukani nikipewa chenji pungufu huondoka nayo.

"Mama, mimi siwezi kusema mbele za watu," nilimwambia.

"Nani alizaliwa anaweza? Tazama kwanza. Kusema kutakuja."

Treni ilianza kwenda. Mbele ya behewa alisimama Msomaji, Bwana Kilindo, mtu mrefu, miwani kwenye uzi, akiwa ameshika Kitabu cha Bonde kwa mikono miwili. Kazi yake ni kusoma kitu kabla hakijaonekana, ili kikitokea wajumbe wawe wamejua ni nini. Kila akimaliza sentensi, behewa zima hujibu, "Tumeona."

"Kulia kwenu ni msitu wa Mikuyu Mia."

"Tumeona."

Mimi niliona visiki, na kuku mmoja juu ya kisiki.

"Kulia kwenu ni kijiji cha Furaha, ambacho wakazi wake hupunga mikono."

Kweli walikuwa wamesimama mstari mmoja wakipunga. Baadaye Bi Sikudhani aliniambia kwamba wana zamu ya kupunga, na asiyefika kwenye zamu huandikiwa barua.

"Kulia kwenu ni viboko wanane."

"Tumeona," walijibu, ila mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa mzee mnene mwenye koti la kahawia, Mheshimiwa Pazi.

"Mwongozo, Mwenyekiti. Mimi naona mawe."

Mwenyekiti wa Behewa, Mheshimiwa Lumuli, alikuwa mtu mpole, sauti yake ya kubembeleza. Alimjibu bila kuondoa macho dirishani. "Mheshimiwa Pazi, Kitabu kinasema viboko."

"Nimesikia. Lakini mwaka jana walikuwa palepale, wamelala vilevile."

"Ni mnyama mtulivu," alisema mjumbe mmoja.

"Mtulivu kiasi gani? Yule wa tatu ana mti kichwani."

Watu walicheka. Bwana Kilindo alisafisha koo, akaeleza kwamba Kitabu kiliandikwa na waasisi, na waasisi waliona viboko. Kama sasa wanaonekana mawe, basi tatizo liko kwenye kuonekana, halipo kwenye viboko. Mjumbe mwingine alipendekeza iandikwe "viboko wa aina ya mawe". Wakajadili kwa muda, tukapita daraja zima. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki viboko waseme ndiyo. Wakasema ndiyo.

"Waliosema ndiyo wameshinda. Mheshimiwa Pazi?"

"Nafuta kauli."

"Tunakushukuru."

Bi Sikudhani aliniinamia. "Huyo Pazi kila mwaka anaona mawe, na kila mwaka anafuta kauli. Ndiye mwenye macho humu."

Kisha reli ikaanza kupanda. Niliisikia treni ikipunguza mwendo, magurudumu yakigugumia, mwishoni tukawa tunakwenda pole kuliko mtu anayetembea. Halafu tukasimama kabisa. Hakuna aliyeshtuka. Bwana Kilindo alifunua ukurasa.

"Hapa treni hupata pumzi."

"Tumeona," walijibu, wakafungua chupa zao za chai. Mmoja alitoa chapati kwenye mfuko akampa jirani kipande bila kumtazama. Ilikuwa kama mapumziko ya shule.

"Sasa," alisema Bi Sikudhani kwa sauti ya chini. "Chini ya kwato za twiga rangi imebanduka. Weka jicho."

Paliachwa wazi mahali padogo kama ukucha wa dole gumba. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu.

Niliona uwanja mwekundu, na nyumba, na moshi wa jiko. Niliona shamba la mahindi kama alivyosema, karatasi tupu. Halafu karibu kabisa, chini ya dirisha, niliona vichwa. Watu walikuwa wamejipanga kwenye ubavu wa treni kuanzia behewa letu hadi nyuma nisikoweza kuona, wanaume na wanawake, wamekanyaga mawe ya reli, mabega yao yameegemea mabati. Mzee mmoja alikuwa amekunja gunia akaliweka begani ili lisimkate. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa amelaza paji la uso kwenye chuma. Mtu aliyekuwa mbele aliinua mkono, akaushusha, na wote wakasukuma.

Behewa likatikisika. Wakasukuma tena. Magurudumu yakaanza kuzunguka.

"Imepata pumzi," alisema mjumbe wa chapati, akafuta mikono.

Niliinuka. Bi Sikudhani alikuwa ananitazama. Nililitazama gauni lake pale begani, nikaelewa linachanikia nini.

"Kwa nini mnasukuma?" nilimuuliza. "Si muiache hapohapo."

"Tuliiacha mwaka mmoja. Ilikaa siku mbili. Wajumbe walikula chakula chao, wakaandika kwamba treni imeamua kupumzika, wakateremka upande wa kulia, wakarudi kwao kwa miguu. Lango halikufunguliwa kabisa msimu ule. Isipofika juu hatupati hata ya kumwagika." Akaelekeza kidevu dirishani. "Huyo mwenye gunia ni mume wangu. Kifua hakiko sawa. Mimi ningekuwa chini naye, ila leo nina kazi ya huku ndani."

Tulifika juu. Treni ilisimama mbele ya mwamba mkubwa mweusi, mkavu. Wajumbe walitengeneza makoti. Mtu aliyekuwa juu ya mwamba alipepea kitambaa, nikasikia chuma kikilia, na maji yakashuka.

Nisiwe mwongo, yalikuwa mazuri. Yalishuka mengi kwa mara moja, meupe, yakanguruma hata vioo vikatetemeka, na ukungu wake ukaingia madirishani ukatulowesha nyuso sisi tuliokuwa kushoto pia. Watu walipiga makofi. Mheshimiwa Pazi alivua kofia. Maji yalikwenda kwa muda wa kuimba nyimbo mbili, kisha chuma kikalia tena, yakapungua, yakawa kamba, yakawa matone.

"Wiki tatu hizo," alisema Bi Sikudhani. Hakupiga makofi.

Kikao kilianza palepale, treni ikiwa imesimama. Bwana Kilindo aliweka Kitabu kwenye meza ndogo, akaweka kidau cha wino na muhuri. Ajenda ilikuwa moja: nyongeza. Mwenyekiti akasema yupo mlalamikaji wa kushoto, kwa mujibu wa kanuni apewe dakika zake.

Bi Sikudhani alisimama. Alieleza kama alivyonieleza mimi, bila kuongeza chumvi. Wajumbe walisikiliza kwa heshima wakitazama mwamba mkavu.

Mjumbe wa chapati alikuwa wa kwanza. "Mwenyekiti, mimi simpingi mama. Ninauliza tu. Kama kijiji hicho kipo, kwa nini miaka yote hii hakuna aliyekiona?"

"Kwa sababu kiko kushoto, mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani.

"Hiyo ndiyo shida ninayoisema. Kwa nini kiko kushoto?"

"Kilikuwepo kabla ya reli. Reli ndiyo iliyokipa kushoto."

Pakawa na manung'uniko. Bwana Kilindo alisema kauli hiyo inagusa waasisi. Mjumbe mmoja mwembamba alitoa hoja kwamba kijiji kihamishiwe kulia, kionekane, kiandikwe, mambo yaishe. Akajibiwa kwamba kulia kumejaa, labda viondolewe viboko wawili. Mwingine akasema, kwa uchungu wa kweli, "Tukianza kugeuka kushoto, nani atatazama kulia? Mto huu utabaki na nani?" Wengi wakagonga viti kumuunga mkono.

"Si lazima mgeuke wote," alisema Bi Sikudhani. "Geukeni kwa zamu. Mbona Furaha wanapunga kwa zamu?"

Mheshimiwa Pazi alicheka peke yake, akajifanya anakohoa.

Mwenyekiti Lumuli aliinua mkono. "Mama, tumekusikia. Wewe ni mwenyeji, na sheria unaijua. Tunaye mgeni mwaka huu, hajalala. Tumuulize yeye." Sauti yake ikazidi upole. "Binti, simama. Usiogope."

Nilisimama. Hawakugeuka. Walinitazama katika kioo cha dirisha la kulia, ambako mwamba mweusi uliokuwa nyuma ya kioo ulikifanya kama kioo cha kunyolea. Niliona nyuso zao zote pale, na uso wangu mdogo katikati, na nyuma yangu twiga.

"Jina?"

"Kashinde."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano."

"Vizuri. Inatosha kabisa kuona." Wachache walicheka, lakini si kwa ubaya. "Sasa tuambie. Katika safari yetu umeona nini?"

Nilikuwa nayo yale maneno. Nilikuwa nayo mdomoni, nimeyapanga tangu kwenye mwinuko. Bi Sikudhani hakunishika mkono wala hakunikonyeza. Alikaa ameweka mikono mapajani, anaangalia sakafu, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kuvaa.

"Chukua muda wako," alisema Mwenyekiti. "Si lazima. Ukiona ni vigumu, sema lolote ulilolipenda."

Nikasema, "Mto ni mzuri."

Walipiga makofi. Walipiga makofi marefu kuliko ya maporomoko. Bwana Kilindo alichovya kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti: mgeni ameona mto, ameuona ni mzuri, nyongeza hakuna. Akapiga muhuri. Mjumbe mwembamba alisema huyu binti ana macho safi kuliko wengi wenye digrii. Mwenyekiti akaagiza nipishwe kiti upande wa kulia kwa safari ya kurudi, jambo ambalo, niliambiwa, halikuwahi kufanywa kwa mgeni yeyote.

Mheshimiwa Pazi ndiye aliyenipisha. Alipokuwa ananyanyuka aliniambia kwa sauti ya kunisikia mimi tu, "Karibu. Kiti ni kizuri. Shingo itauma wiki ya kwanza, kisha inazoea." Akaenda kukaa nilipokuwa nimekaa, karibu na Bi Sikudhani. Sikujua alisema kwa kejeli au kwa huruma. Mpaka leo sijui.

Treni ilirudi kinyumenyume. Kuteremka hakuhitaji kusukumwa. Kwenye ule mwinuko ilipunguza mwendo kwa sababu ya kona, na Bi Sikudhani akasimama, akafunga vizuri kanga yake kiunoni. Kituo hakipo pale. Mtu wa Mgongoni huteremka kwa mlango wa behewa la mwisho, treni ikiwa inakwenda. Ili kufika mlangoni ilimbidi apite karibu yangu.

Nilidhani atanisonya. Ningependa angenisonya.

"Mwanangu, koo likishika limeshika," alisema. "Usilie humu, watakuandika."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusikia. Lakini mimi sina wa kumpelekea samahani, nina wa kuwapelekea jibu." Aliniwekea mkono begani, mzito, ukakaa kidogo. "Nitawaambia mgeni alikuwa binti mdogo. Wataelewa. Mwakani Mungu akipenda nitapanda tena, kama mume wangu atakuwa na bega la kusukuma."

Akaenda. Nilisikia mlango ukifunguliwa na upepo ukaingia, halafu ukafungwa. Mheshimiwa Pazi aliinama chini ya kwato za twiga kama anayefunga kiatu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu sana kwa mtu anayefunga kiatu. Alipoinuka alitazama kulia kama wengine, na stesheni ilipotokea akajibu "Tumeona" pamoja nao.

Nilitoka Kuumeni kesho yake. Kwa kila aliyeniuliza habari za safari nilisema treni ilikuwa nzuri, chai ilikuwa ya moto, watu ni wakarimu. Rafiki yangu mmoja ninayefua naye nilimdokezea kwamba kulikuwa na mama aliyetaka nimsemee jambo, nikashindwa kwa aibu. Akasema, "Wewe nawe na aibu yako," tukaendelea kusuuza. Kila mtu anayenijua anaamini hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Lakini haikuwa aibu. Aibu naijua, tumeishi pamoja. Aibu huziba maneno, na yangu hayakuzibwa. Yalikuwepo mdomoni, ya moto, mafupi. Nilipowaona wale watu katika kioo, wote wananitazama, wananisubiri mimi, wametakata na wananukia sabuni nzuri, nilitaka wanipende. Ndiyo basi. Nilijua neno lipi litawafanya wapige makofi na lipi litawafanya wanyamaze, nikachagua. Na kile kiti cha kulia nilikikalia. Nilitazama mto njia nzima, na ulikuwa mzuri kweli.

Hakuna aliyeniuliza tena, kwa hiyo nasema bila kuulizwa. Upande wa kushoto wa reli ya Mwelu kuna kijiji. Kinaitwa Mgongoni. Nilihesabu nyumba kumi na saba kabla sijaondoa jicho, na bado kulikuwa na nyingine. Mahindi yao yanakauka. Treni ile haipati pumzi. Inasukumwa kwa mabega ya watu, na mmoja wao kifua chake si kizima. Mimi, Kashinde, nisiyezaliwa bondeni, niliwaona kwa jicho langu wakisukuma, na nilikuwa ndani. Walinisukuma mimi pia.